Mguu wa Mujomba Kisimba

Kalemie, Jumamosi, saa nane mchana

Faida, mama yangu,

Umekwenda parokiani kuaga wenzako wa kwaya. Papa yako yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba, anaifungua, anaifunga tena, kwa sababu hamwamini mpakizi yeyote wa bandari. Nyumba iko kimya. Nimekaa mezani kufanya kazi niliyoiahirisha miaka ishirini.

Sitakuandikia juu ya chandarua, wala juu ya kula vizuri, wala juu ya watu wa kujihadhari nao Kigoma na Dar es Salaam. Shangazi zako wamekueleza hayo wiki nzima, na nusu ya waliyokueleza yanapingana. Mimi nina jambo moja tu.

Siku ulipomaliza kuandika ile barua ya kuomba nafasi ya masomo, ulinisomea kwa sauti hapa hapa mezani. Uliandika kwamba unataka kusoma namna sakafu ya bahari inavyozaliwa, kwa sababu ulikulia kwa mama ambaye, siku ardhi ilipotikisika, mtaa mzima ulimgeukia yeye. Uliisoma sentensi ile kwa kiburi kizuri cha mtoto. Mimi nikainuka nikasema maji yanachemka. Hapakuwa na maji motoni.

Sentensi yako ni ya kweli. Mtaa mzima ulinigeukia. Ila hujawahi kuambiwa nilijibu nini.

Umekua ukijua kwamba ukuta ulimwangukia Mujomba Kisimba akiwa amelala katika chumba cha nyuma, pale kwa Kambo, bibi yako mzaa mama. Hakuwa amelala. Aliingia mle kukutoa wewe. Na wewe ulikuwa mle kwa sababu mimi nilikulaza mle kwa mikono yangu, baada ya kuwaambia watu kwamba hatari imekwisha.

Sasa nimeandika. Niache nieleze pole pole, kwa sababu kosa likielezwa haraka hufanana na ajali.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minane, na wewe mitatu. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni, mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu wa watu wa Moba kuandikwa kazi ya kupima ardhi. Kambo alikuwa akinitambulisha sokoni: "Huyu njo mutoto wangu, anasikia mambo ya chini ya maji." Nilijifanya kuona haya. Sikuona haya hata kidogo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuja watafiti na mashini zao, na biro yetu, ofisi ya kupima ardhi, ikanituma niende nao ziwani. Kazi yao unaijua: unapiga sauti nzito ndani ya maji, sauti inashuka, inapenya matope, inarudi, na mashini inachora kila ilichokutana nacho. Wewe umeziona picha hizo tangu utoto, ulichora mbuzi nyuma ya karatasi zake. Lakini jaribu kumfikiria mtu anayeziona mara ya kwanza. Ziwa hili nililooga na kufua, ambalo samaki wake wamenikuza, lilikuwa na matope ya mamilioni ya miaka yaliyolala tabaka juu ya tabaka, na katikati tabaka hizo zimekatika, upande mmoja umeshuka kama ngazi. Mzee aliyeongoza safari aliweka kidole pale palipokatika, akaniambia kwamba bahari kubwa nazo zilianza hivi. Bara linavutwa pande mbili, linakonda, linapasuka, maji yanaingia. Mvuto usipoacha, siku moja mawe yaliyoyeyuka yanapanda kutoka chini na kuganda, na hapo ndipo sakafu mpya ya bahari inapozaliwa. Ziwa letu liko mwanzoni mwa njia hiyo. Linapanuka kwa mwaka mzima chini ya upana wa ukucha wako, na halichoki.

Siku ile nilisahau kula. Nilirudi nyumbani nimelewa bila pombe. Nikawa ninawatazama watu wanaoshuka kutoka stesheni na kuona kama wao wanatembea tu, na mimi peke yangu ninajua wanatembea juu ya nini. Elimu ilikuwa nzuri, Faida. Kilichoharibika ni namna nilivyoivaa.

Basi, siku yenyewe. Papa yako alikuwa Nyunzu kwa kazi ya reli. Wewe ulikuwa na homa, nami nikaomba ruhusa nibaki nyumbani kwa Kambo. Tulikuwa tumemaliza kula. Kwanza mbwa walinyamaza, kisha ikaja kama gari moshi linalopita chini ya sakafu. Sahani zilishuka kabatini. Nilikubeba, Kambo akanishika nguo kwa nyuma, tukatoka. Mtaa mzima ulikuwa nje, wengine wana sabuni mwilini. Ilidumu kitambo ambacho kila mtu alikihesabu kwa namna yake. Ilipotulia, nyumba zilikuwa bado zimesimama, ila nyingi zina nyufa.

Mvua ikaanza. Watu wakanikaribia. Jirani yetu Mama Riziki, yule aliyekuja na mume wake kutoka upande wa Fizi kufanya biashara ya samaki, ndiye aliyeuliza.

"Mama Faida, weye umesoma haya mambo. Imeisha?"

Nilijua jibu. Sikukosea kwa kutojua. Tetemeko kubwa hufuatwa na mengine, hakuna anayejua mangapi wala ukubwa gani, na pengine lile la kwanza halikuwa ndilo kubwa lenyewe. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Lakini walikuwa wamenizunguka watu kama thelathini, watoto wanalia, mvua inaongezeka, na jibu la kweli lilikuwa neno moja, "sijui". Niliona ni dogo mno kwa mtu aliyesoma kama mimi.

"Imeisha," nikasema. "Ile kubwa imepita. Zitakuja zingine ndogo, za bure. Muingie, mutalowana."

Mdogo wangu Kisimba, anayeniita Yaya kwa kuwa ni dada yake mkubwa, alikuwa ndiyo kwanza anapanda kutoka ufukweni. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mvuvi wa samaki mikebuka na wa ndakala, dagaa wa ziwa letu, kijana wa kuruka kutoka mashua hadi mashua bila kugusa maji. Alikuwa ameloa hadi kifuani.

"Yaya," akaniambia, "maji hayajatulia. Yanarudi nyuma, yanakuja. Mie siingie."

"Basi baki na mvua na ndakala zako," nikamjibu mbele ya watu.

Walicheka. Waliingia majumbani mwao wakicheka, Faida, kwa neno langu.

Nikakulaza katika chumba cha nyuma. Ukuta ulikuwa na ufa kuanzia dirishani hadi chini, mkono wako wa wakati ule ungepita. Niliuona. Nikasogeza kitanda upana wa kiganja, kama mtu anayepisha maji yanayovuja darini, nikamwambia Kambo akuangalie. Kisha nikaenda biro.

Hapa ndipo nilipotaka kuacha kuandika. Nimesimama, nimekwenda hadi uani, papa yako akanitazama, nikarudi.

Nilikwenda biro kwa sababu nilitaka kuona kipimo cha mitetemo kimeandika nini. Hakuna aliyenituma. Sindano ilikuwa bado inatembea. Tetemeko lote lilikuwa pale juu ya karatasi, safi, kubwa kuliko lolote ambalo kipimo chetu kimewahi kulinasa tangu nianze kazi. Nilicheka peke yangu. Nilichukua penseli nikaanza kupima umbali kati ya wimbi la kwanza na wimbi la pili. Ndipo meza ikaanza kunikimbia.

Nilikikumbatia kipimo kisianguke. Vumbi la dari linanidondokea kichwani, kabati la faili limelala chini, na mimi nimelala juu ya chuma kile nimekikinga kwa mgongo wangu. Ilipotulia, ndipo nilipokumbuka kwamba nina mtoto.

Sijui nilirudi namna gani. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Nilipofika, ukuta wa nyuma haukuwepo. Mahali pake palikuwa na rundo la matofali na wanaume wanne wameinama wanayaondoa. Kambo alikuwa amekaa matopeni na wewe kifuani mwake, unalia kwa nguvu zote, na sijawahi kusikia kitu kilichonifaa kama kilio kile.

Kambo alinieleza baadaye. Tangu niondoke, Kisimba alikuwa amesimama mlangoni mvuani. Alikataa kuingia, na alikataa kwenda. Kambo alimwambia aende abadili nguo, akasema ngoja kwanza. Alipoisikia ya pili miguuni, aliingia mbio. Kambo, aliyekuwa naye mlangoni, alizunguka nje hadi dirisha la nyuma, na Kisimba akakupitisha pale, kichwa kwanza. Alipogeuka atoke, ukuta ukashuka.

Walipotoa tofali la mwisho nilipiga magoti karibu naye. Goti lake lilikuwa limegeukia mahali ambapo goti haligeuki. Alinitazama akasema, "Mutoto iko muzima. Iko na Mama."

Mama Riziki alikuwa ameingia jikoni kwake kupika. Tofali lilimpiga begani, na mpaka leo hawezi kubeba ndoo kwa mkono wa kushoto. Umewahi kuniuliza kwa nini kila tunapokutana naye kisimani mimi ndiye ninayebeba ndoo yake. Ulidhani ni heshima ya umri.

Hospitalini waliuokoa mguu, ingawa goti halikukunjika tena. Siku ya pili alipita mtu anayeandika majina ya walioumia na namna walivyoumia. Akamuuliza Kisimba, "Ulikuwa wapi?" Kisimba akanitazama mimi, niliyesimama miguuni pa kitanda, akamjibu, "Nililala chumba cha nyuma." Yule mtu akaandika. Mimi sikufungua mdomo. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na nililifanya ardhi ikiwa imetulia kabisa.

Kuanzia hapo hadithi ikawa hiyo. Hakuna aliyenilaumu. Hata Kambo. Watu wa mtaa waliendelea kunisalimia kama zamani, na kila salamu ilikuwa kama mtu ananikanyaga mguu bila kujua. Baada ya miezi miwili niliacha kazi, nikakubeba, tukapanda gari moshi kwenda kwa papa yako.

Wewe unaikumbuka Nyunzu kwa mihogo iliyoanikwa kando ya reli na yule bata aliyekuwa akikufukuza. Mimi naikumbuka kwa darasa. Nilipata kazi ya kufundisha jiografia, na kila mwaka nilipofika kwenye somo la matetemeko niliruka kurasa. Papa yako si mtu wa maneno mengi, lakini jioni moja alichukua daftari langu la masomo, akalipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Unafundisha mito ya Ulaya," akasema. "Unafundisha jangwa. Ziwa letu haliko humu. Juu ya nini?"

"Wakati haukutosha," nikamjibu.

"Miaka miwili haukutosha?"

Nikamwambia yote. Alikuwa anajua Kisimba aliumia, hakujua jibu langu mvuani. Alilifunga daftari. Kisha akasema, "Siku moja Faida atauliza." Nikasema siku ikifika nitajibu. Unaona mwenyewe imechukua muda gani.

Aliyenitoa Nyunzu ni Kisimba. Alishuka kutoka kwenye gari moshi na fimbo, mguu mmoja umenyooka, anayumba kama mtu anayetembea juu ya mashua, na begani amebeba kamba ndefu yenye mafundo. Sikuwa nimemwona tangu tuondoke. Nilimwandalia bukari, ugali wetu, akala, akanawa, kisha akaitandaza kamba ile sakafuni.

Wavuvi hupima kina kwa kamba na jiwe. Kisimba alinionyesha fundo moja. "Mbele ya tetemeko, pale nilipokuwa ninatega, jiwe lilikuwa linafika chini hapa." Akaivuta kamba, mafundo mengi yakapita mkononi mwake. "Sasa hata hapa halifike. Na wengine wanasema nyavu zao zinakamata mahali ambapo hapakuwa na kitu. Chini kumebadilika, Yaya. Nani ataangalia?"

"Biro ina watu," nikasema.

"Biro ina mulinzi na mufunguo. Weye njo unajua kusoma ile kitu."

"Kisimba, mie nilikuvunja mguu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno lile mbele yake. Aliikunja kamba kwanza, pole pole, mpaka mwisho.

"Mguu wangu haupone kwa weye kukaa Nyunzu," akasema.

Sikulala vizuri siku zile, lakini sitakudanganya kwamba nilifikiri sana. Nilirudi Kalemie kabla mwezi haujaisha. Biro ikanirudisha kazini kwa mshahara mdogo kuliko wa zamani, nikaazima mashini ndogo ya kupima kina, na Kisimba akatafuta mashua. Yeye alikaa nyuma kwenye injini, mguu wake umenyooka juu ya ubao, mimi nikakaa mbele na mashini magotini. Tulikwenda na kurudi, mistari sambamba, kama mtu anayelima. Wiki baada ya wiki. Wewe ulibaki na Kambo, na nikirudi unanusa nywele zangu unasema nanuka mafuta ya injini.

Chini ya maji tulipata ukuta wa jiwe. Matope yaliyokuwa yamelala juu ya ngazi ile niliyoiona kwenye picha za watafiti yalikuwa yameporomoka, yakaacha jiwe tupu, na yakarundikana mbali zaidi, pale nyavu zilipokuwa zinakamata. Kisimba alijua mahali pengine kabla mashini haijasema. Alikuwa akipunguza injini na kuniambia, "Hapa, angalia," na kweli sakafu inashuka. Nilikuwa nimemwita mtu wa ndakala, na huyo ndiye aliyenifundisha nusu ya ramani ile.

Nilipoichora, kulikuwa na sehemu ambazo hatukufika kwa ajili ya mawimbi. Zamani ningeunganisha mistari kwa mkono ili ipendeze. Safari hii niliacha weupe, nikaandika katikati yake: sijui. Neno hilo nililiandika kwa wino, lisifutike.

Kisha nikaomba wakubwa wa mitaa wakutane, wakakubali. Ukumbi ulijaa, na Mama Riziki alikaa mbele. Nilianza na mimi mwenyewe. Niliwaambia: siku ile muliniuliza kama imeisha, nikawajibu imeisha, na sikuwa ninajua. Nilimtaja Kisimba, nilitaja bega la Mama Riziki. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyezomea. Walisikiliza tu. Watu wazima wote wa mtaa wetu wanajua tangu siku ile. Wewe ulikuwa na miaka mitano, ulikuwa shuleni, na nilipotoka pale nilijiambia utakapokuwa mkubwa kidogo. Kisha mkubwa kidogo tena.

Mzee mmoja aliuliza, "Sasa ingine itakuja lini?"

"Sijui, Papa."

"Basi umesoma nini?"

Watu wakaguna. Nikamjibu kwamba nimesoma ya kutosha kujua kuwa itakuja, kwa sababu ardhi hii inavutwa na haitaacha kuvutwa kwa ajili yetu. Nimesoma ya kutosha kujua kwamba ikipita ya kwanza, mtu abaki nje hata kama mvua inanyesha, hata kama aliyesoma anamwambia aingie. Na kwamba ukuta wenye ufa haulaliwi karibu. Mzee akasema, "Hiyo ya kubaki mvuani, ngumu." Nikasema ngumu, ndiyo. Tukakubaliana nani ana turubai, nani ana uwanja usio na ukuta karibu, nani atapita nyumba kwa nyumba.

Yaliyofuata unayakumbuka mwenyewe, ingawa uliyaona kwa upande mwingine. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ilitikisika asubuhi, tukatoka, ukataka kurudi ndani kuchukua daftari lako la hesabu kwa sababu una mtihani. Nilikushika mkono nikakuvuta kwa nguvu mpaka ukalia, nikakupigia kelele mbele ya wenzako. Hukuzungumza nami siku mbili. Mama Riziki alikuwa anapita njiani anapiga sufuria kwa mkono wake wa kulia, anawatoa watu. Tulikaa chini ya turubai mpaka saa sita. Ikaja ya pili, na jiko la Kambo likalala chini. Hapakuwa na mtu ndani yake, wala ndani ya nyumba yoyote ya mtaa ule. Wewe ulininunia kwa ajili ya daftari. Mimi nilikwenda nyuma ya turubai nikalia, na Kisimba akaja akasimama karibu yangu.

Sasa unakwenda mbali kuliko nilivyofika mimi. Utapanda meli ambayo itasikiliza sakafu ya bahari pale inapozaliwa, mahali ambapo lile linaloanza hapa kwetu limekwisha kutokea. Nakuonea wivu kidogo. Picha zitaanza kutoka na utasahau kula. Usiiogope furaha ile. Mimi niliichukia miaka miwili kwa sababu ilinikuta nacheka juu ya karatasi wakati ukuta unashuka, na kuichukia hakukumsaidia mtu yeyote. Furaha haikumvunja Kisimba mguu. Alivunjwa na neno moja nililolisema ili nionekane.

Na wewe watakuuliza, Faida. Leo ni watafiti wenzako, kesho ni mama mwenye mtoto mgonjwa na mvua inanyesha. Nakujua, una haraka ya kujibu kama mimi. Hapo ndipo ninapotaka unikumbuke mimi nilivyokuwa kweli, na si yule mwanamke uliyemwandika.

Asubuhi ya leo, ulipokuwa bado umelala, nilishuka ufukweni kwa Kisimba. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na injini ya mtu imefunguliwa mbele yake.

"Leo ninamwandikia Faida," nikamwambia. "Ninamwambia yote."

"Yote?"

"Yote. Na kwamba weye haukuwa umelala."

Aliendelea kufuta kifaa alichokuwa nacho mkononi. "Muzuri," akasema. "Miaka ishirini ananijua niko muntu wa kulala sana." Tukacheka. Kisha akaacha kufuta. "Atauliza kama nilikuwa na hasira. Mwambie nilikuwa nayo, mwaka wa kwanza. Ikaisha. Na mwambie hivi, Yaya: mie sikuingia mule juu ya kosa lako. Niliingia juu ya Faida."

Nimeandika kama alivyosema.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute ng'ambo, nchi kadhaa mbali nami. Nimebadili nia. Hiyo ingekuwa kukuambia na kukimbia, na nimekwisha kukimbia mara moja. Nitakupa mkononi ukirudi. Isome hapa mezani, au nenda ukaisome ziwani. Mimi nitakuwa jikoni na sitakwenda popote. Niulize chochote. Nisilolijua nitasema silijui. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kwenda kwa Kisimba kwanza, nenda. Na kesho ukitaka kupanda meli bila kunishika mkono, panda. Nitakuja bandarini hata hivyo, nitasimama mahali utakaponiona, mpaka meli itakapogeuka.

Saa kumi na moja imepita. Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mtu.

Mama yako